Programu Huria: Vita vya Leseni na Deni la Matengenezo

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund aliwaandikia wenzake onyo. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo yeye ni mmoja wa waundaji wake, akaona kuwa kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao, tukaendelea na shughuli zetu. Freund alifuatilia hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Ndani yake alikuta mlango wa uani: msimbo uliofichwa kwa ustadi mkubwa, ambao ungemruhusu mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva za watu bila kupiga hodi.

Jinsi mlango ule ulivyopata kuwekwa ndiyo habari yenyewe. Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila mshahara. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana walianza kumsonga: mbona matoleo mapya hayaji, mbona huwaachii wengine? Collin alijibu kwa upole kwamba afya yake ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya mapenzi isiyolipwa. Pembeni alikuwapo mtu aliyejiita Jia Tan, mchapakazi, hachoki kurekebisha hili na lile. Taratibu akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Subira yake ikazaa matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yote yakiwa na sumu ndani. Yalinaswa yakiwa kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo ya Linux ya Debian na Fedora, kabla hayajasambaa kwenye seva za benki na serikali.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa waundaji wa programu na waanzilishi wa kampuni changa za teknolojia wamekuwa wakivutana juu ya swali moja: programu ambayo kila mtu anaitumia bila kulipa, gharama yake aibebe nani? Mvutano huo una kelele nyingi, na kelele kubwa zaidi ni ya leseni. Hoja yangu ni kwamba leseni zimepewa uzito usio wao. Zinaamua nani auze. Nani arekebishe, saa nane za usiku, pale mwanya wa usalama unapogunduliwa, hazisemi lolote.

Tuanze basi na hizo leseni, maana huwezi kuelewa ugomvi bila kuzijua. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983 alidai uhuru wa mtumiaji: aendeshe programu apendavyo, aisome, aibadilishe, aigawe. Leseni ya GPL ya mwaka 1989 iliongeza sharti: ukigawa uliyoibadilisha, gawa na msimbo wake. Leseni nyingine kama MIT, BSD na Apache hazina sharti hilo. Chukua, weka ndani ya bidhaa yako, uza, ilimradi uhifadhi tangazo la hakimiliki. Mwaka 1998 kundi jingine likaanzisha taasisi ya Open Source Initiative, likapunguza mahubiri ya uhuru na kuwaeleza wafanyabiashara faida zake. Wito huo kwa wafanyabiashara uliingia masikioni kuliko waanzilishi wake walivyotarajia. Utafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard uliotoka mwaka 2024 ulikadiria kwamba kama programu huria zisingekuwapo, kampuni zingelazimika kutumia mara tatu na nusu ya zinachotumia sasa kwa programu, na ukaiweka thamani ya programu hizo kwa watumiaji kuwa dola trilioni 8.8.

Kisha likaja wingu, yaani huduma za kompyuta zinazokodishwa kwa njia ya mtandao. Kampuni changa ya miaka ya 2010 ilikuwa na mpango wa biashara unaoeleweka: toa programu bure ili ienee, kisha uwauzie wakubwa huduma ya kuiendesha. Amazon ikaona jambo jepesi zaidi. Kwa kuwa leseni inaruhusu, mbona isiuze yenyewe huduma hiyo? Mwaka 2015 ilianza kuuza huduma iliyojengwa juu ya Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya data iliyoundwa na kampuni ya Elastic. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini kwa mwanzilishi aliyekesha miaka akiandika msimbo, na mwekezaji anayemdai faida, kuona moja ya maduka makubwa kabisa duniani likiuza kazi yako bila kukulipa ni jambo la kukosesha usingizi.

MongoDB, kampuni ya hifadhidata, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kujibu. Oktoba 2018 ilihamia leseni mpya, SSPL, inayomtaka anayeuza programu hiyo kama huduma aweke hadharani msimbo wa mitambo yake yote ya kuendeshea huduma hiyo. Ni sharti lililotungwa ili lisitimizwe. Amazon haikulitimiza, Januari 2019 ilitoa hifadhidata yake yenyewe, DocumentDB, inayozungumza lugha ya MongoDB. Elastic ikafuata Januari 2021, na Amazon ikachukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria, ikauendeleza kwa jina la OpenSearch. Agosti 2023 HashiCorp, wenye Terraform, chombo cha kuandalia mitambo ya wingu, wakahamia leseni inayomzuia mshindani kwa miaka minne kabla msimbo haujawa huria. Mwezi mmoja tu baadaye watumiaji na washindani wao walikuwa na mradi wao sambamba, OpenTofu, chini ya Linux Foundation. Machi 2024 zamu ikawa ya Redis, hifadhidata nyingine. Safari hii haikupita hata wiki mbili: mradi sambamba, Valkey, ulizinduliwa, na nyuma yake wamesimama Amazon, Google na Oracle.

Nani alishinda? Inategemea unamuuliza nani. MongoDB ilibaki na leseni yake na biashara yake ikazidi kukua. HashiCorp ilinunuliwa na IBM kwa dola bilioni 6.4. Elastic ilirudi kwenye leseni huria Agosti 2024, ikiongeza AGPL, ndugu ya GPL, kwenye orodha ya leseni zake, na Redis ikafanya vivyo hivyo Mei 2025, baada ya muasisi wake, Salvatore Sanfilippo, kurejea nyumbani. Lakini OpenSearch na Valkey hazikurudi. Zina wahandisi wao, wateja wao, na hakuna sababu ya kuzivunja. Waanzilishi waliotaka kumfungia mlango Amazon walimkabidhi sababu ya kujijengea nyumba yake.

Lililo muhimu kwa msomaji anayejenga bidhaa juu ya programu za watu ni namna mabadiliko hayo yanavyowezekana kisheria. Linux haiwezi kubadili leseni yake leo hata muasisi wake, Linus Torvalds, akitaka, kwa sababu hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu waliochangia. Programu nyingi za kampuni changa ni tofauti: anayechangia husaini kwanza mkataba unaoipa kampuni haki ya kuutumia mchango wake chini ya leseni yoyote. Watu husaini bila kusoma, kama tunavyosaini fomu za benki. Basi kabla ya kuichagua hifadhidata au chombo kingine, uliza maswali mawili: msimbo huu una mmiliki mmoja au wengi? Na mmiliki huyo amechukua fedha za wawekezaji? Ukijibiwa "mmoja" na "ndiyo", jiandae. PostgreSQL haijawahi kumshtua mtu kwa tangazo la leseni, kwa sababu hakuna kampuni moja inayoimiliki.

Kuna wanaosema tatizo ni ulafi wa wakubwa, basi. Kisa cha WordPress kinawatatiza. Programu hiyo huendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na ni riziki ya vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaotengenezea tovuti hoteli, shule na magazeti. Septemba 2024 mmoja wa waasisi wake, Matt Mullenweg, aliishambulia hadharani kampuni ya WP Engine, inayouza huduma za kuendesha tovuti za WordPress, kwamba inavuna bila kupanda, akaidai asilimia 8 ya mapato yake. Ilipokataa, aliifungia njia ya kupata masasisho, kisha mradi wake ukachukua programu-jalizi iliyokuwa ikitunzwa na WP Engine, yenye watumiaji zaidi ya milioni mbili. WP Engine ilikuwa imekwenda mahakamani California, na Desemba 2024 jaji akaamuru mambo yarudishwe yalivyokuwa. Lalamiko la Mullenweg lilikuwa na ukweli ndani yake. Njia aliyotumia iliwaumiza wenye tovuti, watu wasiojua hata kwamba kuna ugomvi.

Sasa ziangalie ajali zenyewe. Aprili 2014 mwanya uliopewa jina Heartbleed uligunduliwa ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, pamoja na benki. Mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, kipande cha programu za Java kinachoandika kumbukumbu za matukio. Mwanya wake ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari, na waliokesha kuuziba walikuwa watu wa kujitolea wenye ajira nyingine mchana. Kisha xz. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokuwa na ugomvi wa leseni. OpenSSL na Log4j hazikuibiwa na mtu. Zilitumika sawasawa na ruhusa zilivyotolewa, na ndivyo zilivyotumika hadi zikachoka.

Hali ya programu hizi ni ya kisima cha kijiji. Siku ya kukizindua huja mheshimiwa, utepe hukatwa, bango la mfadhili husimikwa. Mpira wa pampu ukikatika miaka mitatu baadaye, hakuna bajeti ya mpira, na hakuna anayekumbuka namba ya fundi. Watu wa maji wamelijua hilo zamani, ndiyo maana huunda kamati na kukusanya senti kwa kila ndoo. Watu wa programu, pamoja na akili zao zote, bado wanabishana juu ya bango liandikwe nini.

Nisieleweke vibaya: si kila programu huria hutunzwa na mtu mpweke chumbani. Sehemu kubwa ya msimbo wa Linux huandikwa na wahandisi wanaolipwa mishahara na Intel, Red Hat, Google na wenzao. Penye bidhaa inayouzika, fedha hufika. Njaa iko chini, kwenye vipande vidogo ambavyo havimpendezi mwekezaji yeyote. Mwaka 2016 Azer Koçulu, baada ya kugombana juu ya jina la kifurushi chake, aliondoa kazi zake zote kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu. Miradi ya JavaScript duniani kote ikashindwa kujengeka, na waliokwama wengi hawakuwahi kujua kama wanakitumia. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika fani hii hata wenye mali nyingi hawana daftari.

Dawa zimejaribiwa. GitHub iliweka mfumo wa kumchangia mtunzaji moja kwa moja mwaka 2019. Wachache wenye majina wamenufaika, wengine hupata fedha ya chai. Oktoba 2024 kundi la kampuni likiongozwa na Sentry lilianzisha ahadi ya kulipa angalau dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mwandishi wa programu ambaye kampuni imemwajiri, fedha ziende kwa watunzaji. Ni wazo zuri, lakini ni hiari, na hiari husinyaa bei ya hisa inaposhuka. Linalonishawishi zaidi ni la Ujerumani: mwaka 2022 serikali ilianzisha mfuko wa Sovereign Tech Fund, unaolipia matengenezo ya programu huria kama inavyolipia madaraja. Umelipia kazi kwenye Log4j, na mradi wa GNOME ulipewa euro milioni 1. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na ambayo masharti yake makuu yatabana kuanzia Desemba 2027, inakwenda njia nyingine: anayeuza bidhaa ndiye atakayewajibika kwa usalama wa kila kilichomo, hata alichookota bure. Watunzaji wa kujitolea waliiogopa mno rasimu yake ya kwanza, wakapiga kelele, na wakaondolewa mzigo huo. Sheria hiyo inamwambia muuzaji: jua unatumia nini, na kikiharibika, tengeneza.

Akili unde imeongeza chumvi kwenye kidonda. Mifumo hiyo imefunzwa kwa msimbo huria, na kesi juu ya jambo hilo ilifunguliwa Marekani tangu Novemba 2022. Mimi naona madhara ya karibu zaidi yako kwingine. Daniel Stenberg wa Sweden, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamishia data mtandaoni, tangu 2024 amelalamika hadharani kwamba anafurikwa na ripoti za mianya isiyokuwapo, zilizotungwa na mashine kwa Kiingereza safi ili mtumaji ajaribu bahati ya zawadi. Mwanzoni mwa 2026 aliufunga mpango wa kuwazawadia wanaogundua mianya. Kila ripoti ya uongo hula saa za mtu yuleyule aliyekuwa hana saa.

Na sisi huku? Tuna desturi ya kujihesabu kama watumiaji tu. Si kweli. Ushahidi, programu ya kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, na msimbo wake ukatumika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi zinazoendelea, ulianza kufikiriwa mwaka 2004 pale madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana walipokutana na mzigo wa rekodi za wagonjwa wa UKIMWI katika ushirikiano wao na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Hapohapo Eldoret ndipo ulipoanza kutumika mwaka 2006. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, una wahandisi wake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kenya iliueneza nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011. Mwaka 2004 chuo hichohicho cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wengi waliosoma kompyuta miaka ya karibuni hawajawahi kuisikia.

Miradi hii haikufa kwa leseni wala haikuokolewa na leseni. DHIS2 iko chini ya BSD, leseni ileile iliyoiweka Redis wazi kwa Amazon, na hakuna aliyeipora. Imedumu kwa sababu Norway na wafadhili wengine wamelipa mishahara ya watu wale wale mwaka hadi mwaka, na vyuo vya hapa vikafundisha wengine. Udhaifu wake umo humohumo. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ilitikisika, ikiwamo kazi ya mifumo ya rekodi iliyojengwa juu ya OpenMRS, ambayo kwa miaka mingi ililipiwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Msimbo ulibaki hadharani, yeyote angeweza kuupakua. Fundi ndiye aliyekuwa akitafuta kazi.

Waanzilishi wa kampuni zetu hujibu haraka: sisi wenyewe tunatafuta mtaji, wachangie matajiri wa California. Nawaelewa, kwa kiasi. Kampuni yenye waandishi kumi ikifuata kile kiwango cha dola 2,000 kwa kila mmoja italipa dola 20,000 kwa mwaka, na kwa kampuni ya Arusha au Kisumu hiyo ni mishahara ya watu. Lakini fedha si malipo pekee. Kampuni nyingi zinapokuta hitilafu kwenye maktaba ya msimbo zinayoitumia huirekebisha kimyakimya ndani kwao, bila kuwarudishia wenyewe marekebisho. Kisha toleo jipya likija, hitilafu inarudi na kazi inaanza upya. Kurudisha marekebisho yale ni saa chache za mhandisi, na kijana aliyefanya hivyo mara tano ana ushahidi wa kazi ambao mwajiri wa Berlin ataukubali kuliko cheti.

Serikali hazina kisingizio hicho. Zimekwisha kuamua, kwa vitendo, kwamba rekodi za wagonjwa na takwimu za chanjo zikae juu ya programu huria, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kinachobaki ni kuacha kuwahesabu wahandisi wa mifumo hiyo kama watu wa mradi wenye mikataba ya miezi kumi na miwili. Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda kwa kawaida husomwa mwezi Juni. Wizara za afya ziweke humo mishahara ya wahandisi wa DHIS2 na OpenMRS kama zinavyoweka ya wauguzi, na ziwape ruhusa ya kurudisha kazi yao kwenye mradi mkuu.